Deni Lililoitangulia Nyumba

Katika miaka ishirini na saba aliyotumikia polisi, Aol alikaa kumi na sita kwenye chumba cha vielelezo. Panga lililomkata mtu, simu ya wizi, gunia la bangi, vyote vilipita mikononi mwake, akaviandika daftarini kwa wino mweusi na kuvifungia vibandiko vyake. Wakubwa walihamishwa, yeye akabaki na funguo. Aliwahi kuona kesi nzuri ikivunjika mahakamani kwa sababu mtu aliandika tarehe ovyo, na tangu siku hiyo hakuamini neno lisilo na karatasi.

Alipostaafu na cheo cha sajini, kiinua mgongo chake kilimjengea nyumba ya vyumba vinne Kawempe. Viwili akakaa mwenyewe, viwili akampangisha Emérence, fundi cherehani aliyetoka Bukavu. Akanunua na friza. Kila Jumanne na Ijumaa alikwenda Ggaba asubuhi na mapema kuchagua sato na sangara kwenye mitumbwi, na kabla ya saa nne wateja walikuwa getini wanauliza kama Afande ameleta samaki. Jina hilo la Afande lilimfuata mpaka uraiani, naye aliliitikia.

Mwezi wa Machi alinunua umeme kwa simu kama kawaida. Shilingi elfu hamsini zikaenda, uniti zikarudi nusu. Ujumbe ulisema nusu nyingine imekatwa kulipia deni la zamani. Aol alidhani ni mtandao. Akajaribu tena kwa elfu kumi, na nusu ikakatwa vilevile.

Kesho yake alikuwa kwenye ofisi ya shirika la umeme. Karani wa dirishani, aliyevaa jina lake, Ogwal, kifuani, alibofya kompyuta akamwambia anadaiwa milioni nne na laki mbili. Aol akacheka. Karani hakucheka. Akamshauri aendelee tu kununua, deni litajikata lenyewe polepole, na baada ya miaka michache litakuwa limekwisha.

"Deni la nani?" Aol akauliza.

"La kwako, mama. Kompyuta inaonyesha jina lako."

"Hiyo kompyuta ilinikopesha lini?"

Aol akataka kuonyeshwa deni lenyewe kwenye karatasi, mwezi kwa mwezi. Akaambiwa mteja hapewi mpaka aandike barua ya maombi. Basi akaiandika palepale, amesimama, akaipigisha muhuri na kuondoka na nakala yake.

Nyumbani alimweleza Emérence alichoamua. Hatanunua hata uniti moja mpaka deni lifutwe, kwa kuwa kila akinunua analipa, na anayelipa amekiri. Samaki waliobaki akawauza kwa bei ya kutupa, akachomoa waya wa friza, akaipangusa na kuiacha mlango wazi.

Emérence alikuwa na sare arobaini za shule za kushona, na cherehani yake ilikuwa ya umeme.

"Mama Aol, tulipe tu," alisema. "Mie nimekimbia vita. Mwenye nguvu habishwi."

"Wewe ulikimbia risasi, na ulifanya vizuri," Aol akamjibu. "Hii ni karatasi."

Lakini hakumwacha hivihivi. Alimpunguzia kodi nusu kwa muda wote ambao nyumba ingekaa gizani, kisha akaenda mwenyewe kuazima cherehani ya kukanyaga kwa jirani, wakaibeba wawili mpaka kwenye baraza.

Tangu hapo, kila Jumatatu benchi la ofisi ile lilimpata wa kwanza, sketi imepigwa pasi, faili mapajani. Mara faili lake limepelekwa kwingine, mara mkubwa yuko mkutanoni, mara arudi Alhamisi. Yeye aliandika kila jibu, jina la aliyelitoa na saa. Kaka yake Oola alimpigia simu kutoka Gulu kumsihi aache, eti nani amewahi kushindana na serikali akashinda. Aol akamwambia yeye mwenyewe alikuwa serikali miaka ishirini na saba, anajua inapoficha makaratasi.

Wiki ya saba, Ogwal alimwita dirishani kabla hajaketi, akamsukumia kurasa tatu. Labda alichoka kumwona, labda aliona haya. Aol alivaa miwani akazisoma benchini, mstari kwa mstari. Deni lilianza Agosti 2013. Nyumba yake iliunganishwa umeme mwaka 2019, na risiti alikuwa nayo. Tena matumizi yenyewe hayakuwa ya friza na taa nne. Yalikuwa ya mtu anayesaga unga mchana kutwa. Alipofika chini akaitazama namba ya akaunti, akaiweka sambamba na iliyo kwenye risiti. Zilifanana, isipokuwa tarakimu mbili za katikati zilizopishana.

Akarudi dirishani.

"Mwanangu, deni hili limeitangulia nyumba kwa miaka sita. Pale palikuwa shamba la magimbi. Nani alikuwa anawasha taa, magimbi?"

Ogwal alizifuata namba kwa kidole, moja baada ya nyingine. Alipofika katikati kidole kikasimama. Akainuka, akaingia ndani na zile karatasi.

Aliyemwita Aol ofisini alikuwa mkuu wa huduma kwa wateja, mwanamke mpole aitwaye Kaltumi. Alimwagizia chai, akampa pole kwa usumbufu, kisha akamwekea fomu mbele. Shirika, alisema, limeamua kumsamehe deni lote. Atie saini tu, na umeme atanunua leo hii bila makato.

Aol aliisoma fomu mpaka mwisho. Akawakumbuka wateja wa Jumanne, waliokwisha kuhamia kwa muuzaji mwingine. Akakumbuka miguu ya Emérence iliyovimba kwa kukanyaga. Mkono wake ukaishika kalamu. Kisha akairudisha mezani.

"Anayesamehewa ni mkosaji," alisema. "Mimi nilikosa nini?"

Kaltumi alieleza kwamba mwisho wa yote ni uleule.

"Si uleule. Andikeni kwamba mlikosea namba. Andikeni zile elfu thelathini mlizonikata, na kwamba mnazirudisha. Hiyo nitaisaini."

Akaambiwa barua ya namna hiyo lazima ipite makao makuu, na huenda ikachukua muda. Aol akamaliza chai yake, akashukuru, akasema benchi analijua.

Ilichukua siku tisa. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, na ndani yake yalikuwemo maneno aliyoyataka: kosa letu la kuingiza namba. Alimsomea Emérence mara mbili, ya pili polepole. Friza ikanguruma tena, ingawa mwezi mzima ilikaa nusu tupu, maana mteja aliyehama harudi kwa sababu ya barua. Kwa hasara hiyo Aol ameandika barua nyingine, akidai fidia ya biashara aliyoipoteza. Hajajibiwa. Siku hizi huenda kuulizia kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na Ogwal akimwona tu anatafuta faili.

Habari zilipoenea, majirani walianza kumletea bili zao. Atoo, mwenye baa ya kona, alikuja na bahasha nzima, ametuna, anasema na yeye ameonewa na shirika. Aol alizipanga mezani kwa tarehe, akazipitia asubuhi nzima na kalamu mkononi, akamrudishia.

"Wewe unadaiwa kweli," akamwambia. "Nenda ukalipe."