Mtoto Asiyefikiwa na Mshale

Juzi, nyumbani Dallas, nilimwona mjukuu wangu akichora seti mbili na mishale kati yake, nikasikia tena harufu ya ndizi mbivu.

Nilipokuwa mtoto, mwalimu wetu wa hesabu katika shule ya kule Manyatta alituagiza tulete ndizi za somo. Ieleweke kwamba mimi nilileta tatu.

"Hii ni seti ya ndizi, ninyi ni seti ya watoto," alisema, akichora ubaoni mishale kutoka ndizi hadi majina yetu. "Kila mtoto lazima afikiwe na mshale."

Nilidhani ametuahidi kila mmoja ndizi. Aligawa zote, binti wa chifu alipata nne.

"Mwalimu, umenisahau."

"Sijakusahau. Wewe ndiwe mfano wa kanuni iliyovunjika. Keti."

Darasa lilicheka huku likitafuna. Kisha tuliamriwa kunakili mchoro, nami nikaandika jina langu mwenyewe, bila mshale, kwa mwandiko safi.