Kuku wa Vizimba na Neno Lililomfukuza Mwelu

Jogoo alikuwa anatembea kinyumenyume.

Shingo imepinda mpaka jicho moja linatazama mbinguni, mbawa zinaburuta chini, anarudi nyuma kama anamkimbia mtu asiyeonekana. Akaanguka ubavu, akapiga mateke, akatulia.

Nyuma yake, chini ya migomba, kuku wengine wote wa Mama Sylus walikuwa wameshakufa.

Tulieni, hiki si kisa cha majini. Ni kisa cha mwalimu mwenzangu hapa Chawia, anaitwa Wakesho, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniruhusu nikiandike.

"Andika yote," aliniambia. "Usinipake poda."

Haya basi.

Wakesho ni mtu wa huruma, ile ya kupitiliza. Mbwa wako akiumwa, yeye ndiye atakosa usingizi.

Mdogo wake, Tom, alikuwa ameajiriwa kwenye shamba moja la kuku wa mayai, chini huko upande wa Voi. Kuku wa vizimba. Wamepangwa juu ya waya ghorofa kwa ghorofa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga udongo. Wakichoka kutaga wanauzwa kwa jumla, wanaishia supu.

Siku moja Wakesho alimpitia Tom kazini. Akamwona kuku aliyenyonyoka manyoya kutoka shingoni hadi kifuani, amebanwa na wenzake hata kujigeuza hawezi.

"Tom, hawa mnawapeleka wapi?"

"Kesho lori linakuja. Kwisha."

"Nipe wachache."

Tom akacheka. "Dada, hawa wamezeeka. Mayai ni ya kubahatisha. Wa kazi gani sasa?"

"Wakae tu. Bustani yangu ni kubwa, ina nyasi, ina miti. Wakae kama kuku."

Tom aliongea na mkubwa wake, wakampa. Akawafungia kwenye makreti, akampandishia dadake kwenye gari. Kabla ya kufunga mlango, mzaha ukamtoka usoni.

"Dada, sikiza. Hawa wamechanjwa. Lakini kuku wa chanjo anaweza kubeba ugonjwa na yeye asiugue. Wafungie peke yao kama wiki mbili. Wasichangamane na kuku wa watu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Na alisikia kweli. Hiyo ndiyo shida.

Kibanda alikuwa ameshakitayarisha. Akawaingiza, akafunga, akachungulia kwenye mwanya wa mbao.

Walikuwa wamejikunyata kona moja, wamebanana vilevile kama shambani. Nafasi yote ile, na hakuna anayethubutu kuinyooshea mguu.

Moyo ukamshinda.

Kidogo tu, akajiambia. Waonje tu nyasi, halafu nawarudisha.

Akafungua.

Wa kwanza alisimama mlangoni. Akashusha mguu kwenye nyasi, akaurudisha haraka kama amekanyaga kaa la moto. Akajaribu tena. Punde wote wako nje. Mmoja akachakura udongo, kitu ambacho hakufundishwa na yeyote, kisha akashtushwa na vumbi lake mwenyewe. Mwingine akajilaza juani, bawa moja limenyooka, macho yamefumba.

Wakesho alilia pale pale. Akapiga picha, akaziweka mtandaoni. Watu wakamwagika kwenye komenti: mwalimu ubarikiwe, mwalimu Mungu akuzidishie.

Alipoinua macho kutoka kwenye simu, kuku wa Mama Sylus walikuwa wameshapenya kwenye ua, wanakunywa maji karai moja na wageni.

Aliwafukuza. Wake akawarudisha ndani. Akajiambia hakuna kitu.

Sasa huyu Mama Sylus si jirani wa salamu tu. Ni mama mjane ambaye Wakesho alipojifungua alikuwa akimletea supu mpaka mlangoni, supu ya majogoo wake mwenyewe. Kuku wake wa kienyeji walijulikana Chawia nzima. Hakuna mgeni aliyetoka kwake bila mayai mkononi.

Hazikupita siku nyingi, kuku wale wakaanza kusinzia mchana. Kisha kuharisha kijani. Kisha ile asubuhi ya jogoo.

Mama Sylus aliita kwa sauti iliyomtoa Wakesho jikoni mbio.

"Mwalimu, wewe umesoma. Ni nini hiki kimeniingilia?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi kabisa. Mama, ni kuku wangu. Niliambiwa niwafungie, nikawafungulia.

Akamtazama yule mama amechuchumaa katikati ya kuku waliokufa, leso imemdondoka. Akaogopa.

Mlangoni mwa jiko la mama huyo alikuwa amesimama Mwelu, mke wa Sylus, mtoto mgongoni. Wakesho akakumbuka kwamba Mwelu alikuwa ametoka kununua dawa ya panya, panya walikuwa wanamaliza mahindi ghalani.

"Labda wamekula dawa ya panya, mama."

Ni hayo tu aliyosema.

Mama Sylus aligeuka polepole kumtazama mkaza mwanawe. Na hapa lazima mjue: Mwelu ni Mkamba wa Miasenyi, na tangu Sylus amlete milimani, mama mkwe hakuwahi kumkubali. Ugali wake mgumu. Kidawida chake, yaani lugha yetu ya hapa, cha kuchekesha. Hata kicheko chake kilikuwa na makosa.

"Dawa niliiweka juu, mama," Mwelu akasema. "Juu kabisa, na nikafunika. Kuku hawezi kufika."

"Kwa hivyo mwalimu ni mwongo?"

Mwelu akamtazama Wakesho. Akangoja.

Wakesho akamtazama jogoo.

Jumamosi Mwelu alishuka mlima na begi moja, mtoto mgongoni. Sylus alikuwa mbali, anafanya kazi kwenye mashamba ya ndizi huko Bomeni, na mamake alimweleza kwa simu vile alivyotaka kueleza. Kwaya ilikuwa imetoka mazoezini. Wote waliona.

"Ndiye huyo aliyemmalizia mama wa watu kuku," mtu akasema. Wala hakunong'ona.

Wakesho alikuwa kwenye kwaya hiyo. Alikuwa anaimba sauti ya kwanza.

Kuku wake, wueh, walinawiri. Manyoya yakaota, upanga wa kichwani ukawa mwekundu, wakajifunza hata kuruka juu ya tawi. Watu wa mtandaoni wakaomba picha zaidi. Hakuweka tena.

Siku kuku mmoja alipotaga, alilikaanga lile yai, akalitupa bila kulionja.

Kuna jioni alitoka na kisu. Akaona awachinje wote, wasiwepo, asiwaone. Akachuchumaa penye kibanda. Kuku mmoja akaja akamdonoa kamba ya kiatu, akainamisha kichwa upande, akadonoa tena.

Hawa wamekosa nini?

Kisu kikarudi jikoni.

Akageukia wema. Mboga, sukari, kuni, kila siku kuna kitu anavusha ng'ambo ya ua. "Mungu akuweke, mwalimu," Mama Sylus alikuwa akimwambia, na kila akisemewa hivyo alikuwa anatamani ardhi immeze.

Kisha Sylus akarudi.

Hakuingia hata kwao kwanza. Alikuja moja kwa moja kwa Wakesho, akasimama na mkoba wake begani.

"Mwalimu, wewe ulikuwepo. Mwelu nikimpigia analia tu, kisha anakata. Nataka unieleze wewe. Ni kweli aliwapa kuku sumu? Kama ni kweli, mimi na yeye tumemalizana."

Wakesho akatoka, akafunga mlango.

"Sylus, usimalizane na mtu. Twende kwa mamako."

Walimkuta anachambua maharagwe kwenye ungo. Wakesho hakukaa. Alijua akikaa tu, hatasema. Akasema yote: onyo la Tom, mlango aliofungua, karai la maji, uoga. Na lile neno.

Mama Sylus aliendelea kuchambua. Akatoa kijiwe, akakitupa.

"Nilijua," akasema.

Wakesho alidhani hakusikia vizuri.

"Afisa wa mifugo alipita hapa hata kabla ya Mwelu kuondoka. Nikamwelezea vile jogoo alivyopinda shingo. Akaniambia, mama, sumu haipindi shingo hivyo, hicho ni kideri, ugonjwa wa kuku kuambukizana. Akaniuliza kama kuna kuku wageni hapa karibu. Nikaangalia kwako. Nikajua."

"Sasa mbona hukuniuliza, mama?"

"Ningekuuliza, ungekubali. Ungekubali, Mwelu angebaki."

Akasukuma ungo pembeni.

"Nilikuwa natafuta sababu, mwalimu. Siku nyingi. Wewe ukanipa."

Sylus alitoka nje, akaenda kukaa kando ya migomba.

Kesho yake walishuka Miasenyi, wote watatu. Mwelu alikuwa kando ya barabara kuu, kwenye kibanda cha dadake, anauzia madereva wa malori chai na chapati. Alimaliza kwanza kumhudumia dereva. Kisha akawasikiliza, mkono kiunoni.

"Nimesikia," akasema walipomaliza.

"Turudi nyumbani, mwanangu," Mama Sylus akamsihi.

"Nyumbani gani?"

Lori likapita, vumbi likawafunika wote.

"Mlinifukuza kijiji kizima kikiangalia," Mwelu akasema. "Sasa mnaniomba msamaha hapa nyuma ya majiko, nani atajua? Mkasemee kulekule. Mbele ya walewale."

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, Wakesho alitoka kwenye mstari wa kwaya akasimama mbele. Mama Sylus akasimama kando yake. Mimi nilikuwepo. Wakasema yote, kila mmoja la kwake.

Mwelu alikuwa kiti cha nyuma kabisa na mtoto. Aliposikia jina lake limesafishwa, alisimama, akafunga leso vizuri, akatoka. Hakungoja chai.

Sylus alimfuata. Wako Miasenyi mpaka leo, na Mama Sylus anashuka mwenyewe kumwona mjukuu. Anakaribishwa chai. Kulala, bado.

Wakesho alimletea yule mama vifaranga waliochanjwa. Alipokea, akashukuru. Lakini mazungumzo ya kwenye ua si yale tena, na kwenye kwaya Wakesho hajarudi. Sisi tumemwita. Yeye ndiye amekataa.

"Kosa la kuku, yule mama angenisamehe siku ileile," aliniambia. "Angenifokea, ningelia, tungezika kuku pamoja, yaishe."

Wewe unayesoma, nikuachie hili. Ukitafuta mtu wa kumtwika kosa lako, hutamkosa. Karibu kila boma lina mmoja ambaye tayari hapendwi, na watu wanangoja tu neno. Usiwe wewe wa kulitoa.