Fundi Ngurumo na Mtaa Uliotulia

Mtaa mzima ulimwita Fundi Ngurumo. Alitengeneza jenereta za maduka yote, na kwa kuwa siku zote alipaza sauti kuzishinda injini, ukimsikia ungedhani anagombana na mtu. Siku hizi kila paa lina paneli za sola. Harufu ya dizeli imekwisha, mtaa umetulia tuli, ila koo la fundi lilikuwa bado halina habari.

Asubuhi moja alimsalimia jirani yake mshonaji.

"HABARI ZA KAZI, MAMA!"

Mteja aliyekuwa akipimwa gauni akaruka kama aliyechomwa sindano.

"Jamani, fundi, mbona unanifukuzia wateja?" mshonaji akalalamika. "Mimi si kiziwi!"

Fundi aliona haya. Tangu hapo akawa anasalimia kwa kupunga mkono tu. Watu nao walimpungia, wakapita zao, na siku zikaenda bila mtu kumwambia neno.

Mchana mmoja alifunua turubai juu ya jenereta pekee aliyobaki nayo, akavuta kamba. Ikanguruma, na moshi mweusi ukaingia moja kwa moja dirishani kwa mshonaji.

"Fundi! Zima hilo dubwana, unaninukishia nguo za watu!"

"UNASEMAJE, MAMA?"

"NIMESEMA ZIMA!"

Fundi alicheka mpaka mabega yakatikisika. Akaizima haraka, akasogea mlangoni, akitamani aambiwe lolote lingine, hata matusi. Lakini mshonaji alikuwa ameshafunga dirisha.