Vizibo Vilivyolia Msikitini

Mchezo wa karata wa poka ulitufikia Changamwe kupitia bandari ya Kipevu. Mabaharia waliwafundisha makuli, makuli wakatufundisha sisi wa karakana, na katikati ya miaka ya themanini ukumbi wetu wa mtaa ukawa na mashindano kila Jumapili mchana. Pesa haikuwekwa mezani. Tulichezea vizibo vya soda, na mimi, fundi wa rangi, ndiye niliyevipaka wekundu kwa ndani ili mtu asije na vyake kutoka nyumbani. Wote walianza na vizibo sawa, na aliyeishiwa alitoka. Tulijiambia hiyo si kamari. Tulipenda sana kujiambia mambo, sisi.

Ikiadhiniwa Alasiri, karata zilifunikwa. Sisi Waislamu tulivuka barabara kwenda msikitini, kila mtu akaacha fungu lake la vizibo pale pale mezani. Aliyebaki navyo ni rafiki yangu, Mkristo wa kutoka Kaloleni, kibarua wa bandarini.

“Nendeni mkaswali, nitawalindia,” alikuwa akisema, kisha anavuta kiti karibu na meza na kukunja mikono. Alilinda hivyo miaka mitatu na hakikupotea hata kizibo kimoja. Hakuna aliyewahi kumwambia ahsante, nami nikiwemo.

Jumapili ninayoisema, mwenye duka moja la vipuri alitoa baiskeli mpya iwe zawadi ya mshindi. Rafiki yangu aliitaka mno. Kila alfajiri alitembea kwa miguu kutoka Jomvu, alikoishi, hadi Kipevu, na akichelewa kidogo tu anakuta vibarua wameshachaguliwa, anarudi alikotoka. Siku hiyo alicheza vizuri kuliko wote. Walipobaki watatu, walikuwa yeye, dereva mmoja wa lori, na mjomba wangu. Mjomba ndiye aliyenilea baada ya baba kufa, na kazi ya karakana ni yeye aliyenitafutia. Mimi nilikuwa mwamuzi.

Adhana ikalia, watu wakainuka kwa pamoja, viti vikaburutwa, tukatoka.

Msikitini nilisimama safu moja na mjomba, bega kwa bega. Tuliporukuu nikasikia kitu. Tuliposujudu nikakijua. Mlio wa vizibo vikigongana niliusikia kila wiki, nisingeweza kuukosea, na ulitoka katika mfuko wa kanzu yake. Sikumbuki nilisoma nini katika sala iliyobaki. Alipogeuza uso kutoa salamu upande wangu, macho yetu yakakutana, naye akayainamisha yake.

Tuliporudi ukumbini na kuketi, dereva alitazama fungu lake akaruka.

“Wallahi, vyangu vimepungua! Nimeviacha tele hapa!”

Mjomba hakupandisha sauti. “Hapa alibaki nani?” akauliza.

Swali lilitosha. Rafiki yangu alisimama mwenyewe akapindua mifuko, ikatoka leso na mkebe wa ugoro. Mtu akasema basi ameviongeza kwenye fungu lake. Mwingine, ambaye vizibo vyake vililindwa miaka yote ile, akasema kwa lile jina la kuwadharau watu wa kwao, “Wanyika ndivyo walivyo.” Nilitaraji rafiki yangu atapiga kelele. Alinigeukia mimi.

“Ndugu yangu, wewe ndiwe mwamuzi. Sema.”

Nikasema, “Sikuvihesabu kabla ya kutoka.”

Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo maneno machafu zaidi yaliyowahi kutoka kinywani mwangu. Alichukua leso yake, akatoka. Hakukanyaga tena ukumbini.

Mjomba alishinda. Juma moja baadaye aliikokota baiskeli hadi mlangoni kwangu. “Mimi na umri huu nipande baiskeli, watu wanicheke? Ichukue, mwanangu.” Nikaichukua. Nilijichukia, lakini niliichukua, na sitasema uongo, ilikuwa nzuri. Asubuhi moja nilimwona rafiki yangu mbele kando ya barabara, akienda mbio mbio kwa miguu katika vumbi la malori. Sikupunguza mwendo. Nilikanyaga kwa nguvu zaidi hadi nikampita.

Mjomba alifariki katika miaka ya tisini. Nilimlilia, maana nilimpenda, na hilo nalo linaniudhi hadi leo. Baada ya matanga nikaenda Jomvu kumtafuta rafiki yangu, na kwa ujinga wangu nikaenda kwa ile ile baiskeli. Nilikuta ameota mvi. Alinipa kiti, mkewe akaleta chai, nami nikamwambia yote bila kumtazama: mfuko, kanzu, mlio.

“Hayo nayajua,” akasema. “Nilivisikia vikilia mfukoni mwake alipoinuka mezani.”

“Mbona hukusema?”

“Ningesema mimi, nani angeniamini? Yule ni mjomba wako. Nikajisemea, wewe utaswali naye, utavisikia, mtarudi, utayamaliza wewe mwenyewe. Nikakungoja.”

Niliweka kikombe chini. Nilitaka anitukane, anifukuze, lakini aliendelea kukoroga kikombe chake. Kisha adhana ya Alasiri ikasikika kutoka upande wa barabarani. Aliinua macho akaitazama baiskeli niliyoiegemeza ukutani kwake.

“Nenda ukaswali,” akasema. “Nitakulindia.”