Aliyemwitikia Mama Studio

Daktari alimwonya mama kwamba wakimtoa ile tezi ya shingo, huenda sauti yake isirudi kama ilivyokuwa. Ndiyo maana nikamleta Geita kabla ya upasuaji, kwenye studio yangu ya chumba kimoja pale Kalangalala, nirekodi nyimbo zake za palizi ya pamba. Nilitaka sauti ile ibaki. Basi.

Tatizo lilikuwa kompyuta. Niliipata kwa bei ya kutupa, na mfumo wake haukuikubali programu yangu ya kurekodi. Mjuaji mimi, nikatengeneza ndani yake mashine pepe, yaani kompyuta nyingine isiyoshikika inayoishi ndani ya hii inayoshikika, na programu nikaiweka humo. Rahisi ghali, kweli. Sauti iliingia kompyuta ya kwanza, ikapita ya pili, ikarudi kwenye hedifoni imechelewa karibu sekunde nzima. Kwaya zilinikimbia. Msanii mmoja anayewasifia wachimbaji kwa nyimbo aliniambia anajisikia kama anagombana na kivuli chake.

Nikamvalisha mama hedifoni nikijua atakwama. Akaimba mstari wa kwanza, akanyamaza, akainamisha kichwa, akatabasamu. Akaimba wa pili. Akangoja tena.

"Mama, mbona unanyamaza?"

"Namwachia mdogo wangu aitikie," akasema. "Kumbe hajaacha kuchelewa."

Mdogo wake alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Shambani mama ndiye aliyeanzisha, na mama mdogo akaitikia maneno yaleyale, nyuma kidogo, wanawake wenzao wakimtania kwamba hata ulimi wake ni mvivu. Sauti zao zilifanana mno. Nikachanganyikiwa. Nicheke? Nilie? Nikamwambia, "Mama, hiyo ni sauti yako mwenyewe, kompyuta ndiyo inaichelewesha." Akanitazama kwa huruma, kama anamwangalia mtoto mwenye homa.

Kwa hasira nikaanza kurekebisha. Nikaikabidhi kadi ya sauti moja kwa moja kwa ile mashine ya ndani, nikapunguza muda wa kusubiri mpaka mwisho wake. Siku zote nikijaribu hivyo ilikuwa inagoma. Siku hiyo, sijui kwa nini, ikakubali. Sauti ikawa inarudi papo hapo, safi kabisa. Mama akaanza wimbo, akakatiza njiani.

"Ng'wana wane," akaniita kwa Kisukuma, mwanangu, "umemfukuza?"

Hakuimba tena. Machozi yalimlengalenga, nami nikaona aibu nisiyojua ni ya kosa gani. Mimi niliyehangaika miezi kuuondoa ule ucheleweshaji, nikaurudisha wote kwa mikono yangu. Mama akaimba mchana kutwa, hata nyimbo ambazo sikuwahi kuzisikia nyumbani.

Upasuaji ulikwenda salama. Alipona, tunamshukuru Mungu, ila sauti imebaki mkwaruzo tu. Juzi nikampelekea kijijini nyimbo zake, nimezisafisha vizuri. Sasa ule ucheleweshaji ulikuwa wa kwenye hedifoni tu. Kilichorekodiwa ni mama peke yake. Kila baada ya mstari, kimya. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nirudie kuanzia wimbo wa kwanza, akasikiliza tena. Kisha akanivuta karibu, akaniuliza kwa hiyo sauti yake mpya:

"Na yeye, mbona hukumrekodi?"