Herufi za Udongo

Lubumbashi hadi Kalemie nilikwenda kwa treni, Kalemie hadi Uvira kwa meli ya mizigo, kisha lori hadi Bujumbura. Siku nane. Ya tisa, kabla sijapata hata chumba mtaani Ngagara, nilianza kazi: msaidizi wa mwalimu katika darasa la watoto wa Kitwa, jamii ndogo ya wafinyanzi inayodharauliwa, pembezoni mwa jiji. Walinichukua kwa sababu nilimaliza sekondari, na mama yangu ni Mrundi.

Madamu Direkta, mkuu wa shule, alinieleza kazi kwa ufupi. "Hapa tunasomesha kwa Kirundi, tena cha kwao wenyewe. Mutoto akisema kama nyumbani, we usimucheke. Kwingine walichekwa, wakaacha shule. Kifaransa watakikuta mbele."

Vibao vya kuandikia havikutosha. Mama Speransi, mfinyanzi Mtwa aliyesoma hadi darasa la sita, aliwafundisha watoto kuviringisha udongo uwe kamba nyembamba, kama anayejenga ukuta wa chungu, kisha kuukunja uwe herufi. Sijaona tena mbinu nzuri kama ile. Herufi uliyoifinyanga kwa vidole huwezi kuisahau.

Mwaka wa pili tukaambiwa inspekta anakuja kuamua kama darasa lifungwe. Asubuhi hiyo, kwa pupa yangu, nikayaanika juani maneno yote ya udongo waliyoyafinyanga watoto, yakauke upesi. Udongo mbichi hukaushwa kivulini, taratibu. Inspekta alipofika, yote yalikuwa yamepasuka, vimebaki vipande tu.

"We mwalimu," Mama Speransi akasema, "hata mbuzi anajua kivuli!"

Watoto wakaangua kicheko. Inspekta hakucheka. Akauliza kwa Kifaransa; watoto wakatazamana.

"Bwana Inspekta," akasema Madamu Direkta, "jaribu Kirundi."

Inspekta akaokota kipande, akauliza kwa Kirundi kilikuwa cha neno gani. Alina, binti wa miaka minane, akapiga magoti, akapanga vipande kimoja kimoja, akasoma: *inkono*, chungu. Wenzake wakamiminika, kila mmoja akidai neno lake, wakizozana kwa Kirundi chao bila haya.

"Nani amewafundisha?"

"Huyu mama."

"Na huyu bwana?"

"Huyu ndiye amevunja."

Hapo inspekta akacheka.

Darasa likabaki. Barua ikaja: Mama Speransi aajiriwe mwalimu. Nafasi ilikuwa moja, nayo ilikuwa yangu. Madamu Direkta aliniita, akanisogezea ile barua.

"Apana, Madamu," nikamwahi. "Mi miguu inaniwasha zamani, inataka njia."

Nimefanya kazi nyingi tangu hapo. Ninayojivunia zaidi ni hiyo niliyompisha mwenye nayo. Siku ya kuondoka nilisimama mlangoni na mkoba wangu, nikitafuta maneno ya kuaga. Mama Speransi akageuka, chaki mkononi.

"Mwalimu, unaziba mwanga. Watoto hawaone ubao."

Nikasogea.