Mbegu Zilizongoja Mgongo wa Nyanya

Majuma kadhaa yaliyopita kijana wangu alinipeleka kwa daktari hapa mjini Migori kwa ajili ya kiuno. Daktari mwenyewe ni msichana mdogo, mpole, mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Akaniuliza, "Nyanya, maumivu yako ni namba ngapi, kutoka moja mpaka kumi?" Nimefundisha katekisimu miaka mingi na kujibu maswali ya vijana kuhusu Utatu na ufufuo wa wafu, lakini hilo lilinishinda. Nikamwambia niko salama, kwa neema. Akatabasamu, akaandika kitu, akanipa mkanda wa kufunga kiunoni na dawa ya kuchua inayonukia kama peremende.

Tangu siku hiyo nakaa sebuleni kwa kijana wangu, nimefungwa wima kama mzigo wa kuni. Siwezi kuinama, siwezi kugeuka. Nje malori ya mawe ya dhahabu yanapita yakitoka machimbo ya Masara, na ndani ninao ukuta na saa ya ukutani. Mtu aliyefungwa kiuno husafiri kwa kichwa tu. Mimi kichwa changu kimenirudisha Lambwe, kwenye mwaka ule mvua ilipotukuta na sisi tumekaa.

Nilikulia bonde la Lambwe, upande wa Homa Bay. Udongo wake ni mweusi, na ukilowa hukushika mguu kama mtu asiyetaka uende. Asubuhi zetu zilinukia moshi wa samadi, tuliyoichoma kuwafukuza mbung'o wasiwaguse ng'ombe, na maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu. Wasichana wa boma walilala nyumbani kwa nyanya, ndiyo desturi yetu. Dada zangu walikuwa wameshaolewa, kwa hiyo nilibaki mimi na yeye. Aliniita nyieka, yaani mke mwenza, kama wanavyotaniana nyanya wa Kijaluo na wajukuu wao wa kike. "Nyieka, leta maji, mume wetu alikufa bila kutuachia bomba." Hapo alikuwa akicheka mpaka kikohozi kimshike.

Nilichota maji, nikafagia, nikachuma mboga za mnavu na mrenda, nikachambua dagaa wa omena. Kazi yangu ya jioni, ambayo hakuna aliyeijua, ilikuwa mgongo wake. Nilipasha majani ya mbarika motoni mpaka yalegee, nikayalaza kiunoni pake, kisha nikamkanda kwa samli na kitambaa cha maji ya chumvi. Alilala kifudifudi kwenye ngozi yake ya ng'ombe, akiuma upindo wa leso ili sauti isitoke. Ukuta wa udongo hausitiri sana, na nyumba ya mama yangu ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo.

Sababu ya siri hiyo ilikuwa kanisani. Wakati wa kiangazi walikuja wahubiri wageni, nyanya akaombewa, na mgongo uliomtesa miaka yote ukapoa. Hakuwa amedanganya mtu, nilimwona kwa macho yangu. Alisimama mbele ya ushirika wote, akainama akagusa vidole vya miguu, akainuka akiwa na machozi. Watu waliimba mpaka paa likatikisika. Kuanzia hapo waumini walikuja bomani kumsalimia mwanamke ambaye Mungu alimnyoosha, na mama mmoja alitembea kutoka mbali kuja kumshika tu kiuno. Kisha asubuhi moja nyanya aliinama kuokota kijiti cha kuwashia moto, na hakuinuka. Nilimkuta amepiga magoti, uso karibu na majivu. Nilidhani anasali.

"Usimwambie mtu," alisema nilipomlaza. "Nikisema umerudi, nitakuwa nimemwaibisha Mungu mbele ya watu."

Nikaahidi. Mtoto huahidi upesi.

Sasa nikueleze jambo lingine ili uone jinsi tulivyonaswa. Katika boma la Wajaluo wa zamani zile, mke wa mwana hakutia mbegu ardhini kabla mama wa boma, yaani mama mkwe wake, kwetu nyanya, hajatia zake. Mama huyo ndiye hufungua msimu, wengine humfuata. Anayemtangulia huiletea nyumba chira, ule ugonjwa wa kunyauka unaowapata waliovunja mwiko. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na mara nyingi alifundisha kwamba damu ya Kristo imemaliza chira. Alifundisha vizuri. Lakini yeye pia hakushika jembe kabla ya mama yake, na mkewe hakuthubutu kumuuliza kwa nini.

Mvua za masika zikaja. Zilianza alasiri moja kwa upepo uliobeba harufu ya vumbi lililolowa, zikapiga mabati na nyasi mpaka hatukusikiana. Kesho yake majirani wote walikuwa mashambani. Sisi tulikaa. Mama alitoa majembe, akayaegemeza ukutani, akangoja. Nyanya alimwambia kupitia mlangoni kwamba ardhi haijashiba maji. Siku zikapita, mvua ikanyesha tena, na nyanya akasema mbegu hazijachambuliwa vizuri. Baadaye akasema anahisi mvua hii ni ya uongo, itakatika. Kila asubuhi mama alifika kumsalimia, na kila asubuhi nyanya, ambaye nilikuwa nimemwegemeza ukutani kwa magunia kabla jua halijatoka, alijibu kwa sauti nyororo kwamba ameamka salama.

Sijui kama umewahi kukaa mahali ambapo kila mtu anangoja na hakuna anayejua anangoja nini. Mahindi ya majirani yalichipuka, na tuliyaona kila tulipoenda mtoni. Ghala letu lilikuwa linaonyesha sakafu. Uji ukawa mwepesi, ugali ukawa wa muhogo mtupu, na watoto wa baba mdogo wakaanza kulia bila kuchapwa. Mimi nilikatazwa kucheza mbali, kwa kuwa nyanya alihitaji miguu, na miguu yake ilikuwa mimi. Nikikaa ndani, ilikuwa giza, harufu ya majani ya mbarika na ile leso yenye alama za meno. Nikitoka, mama alinitazama kama mtu wa upande wa pili.

Maana mama alikuwa ameshapata jibu lake. Kabla ya mvua, yeye na nyanya walikuwa wamebishana. Mama alitaka shamba la chini lipandwe mahindi, na nyanya alitaka mtama kama siku zote. Mama akaamini anaadhibiwa. Nilimsikia akimwambia mke wa baba mdogo, wakiwa wanatwanga muhogo, kwamba mama mkwe amekalia mvua kama kuku aliyekalia yai viza, na kwamba atawaua watoto kwa njaa ili ashinde ubishi wa mtama. Mke wa baba mdogo alisema polepole kwamba labda mzee anaumwa. Mama akamcheka. "Anaumwa? Si ndiye aliyegusa vidole mbele ya kanisa zima?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya ghala na ungo mkononi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mama hakujua uzito wa kile alichokicheka, na mimi niliyejua nilikuwa nimefungwa mdomo. Nikisema, nimemsaliti nyanya, na kwa akili yangu ya kitoto, nimemwaibisha Mungu pia. Nikinyamaza, watoto wanalia.

Nyumbani kwetu sala ya jioni ilikuwa kama chakula, hakuna aliyeikosa. Kwa kuwa nyanya alisema hapendi tope la uani, ilihamia nyumbani kwake. Tulikaa kwenye mkeka, baba akasoma, tukaimba, kisha watoto wakasali kwa zamu. Jioni hiyo zamu ilikuwa yangu. Nilianza vizuri, nikashukuru kwa siku na kwa ng'ombe na kwa serikali. Halafu maneno yakaisha, na lililokuwa kifuani likatoka lenyewe.

"Na Baba, mponye nyanya mgongo, maana umerudi na hawezi kusimama, na mimi nimechoka kumwegemeza, na ameniambia nisimwambie mtu, ndiyo maana nakuambia wewe."

Sikusema amina. Nilifumbua jicho moja. Baba alikuwa ameinamisha kichwa bado, lakini mabega yake yalikuwa yamesimama. Mama alikuwa amefumbua macho yote mawili. Nje ng'ombe alikuwa akicheua. Kisha nyanya, kutoka kwenye magunia yake, akasema amina peke yake, kwa sauti kavu, na kuniambia, "Nyieka, umenichongea mahali pa juu kabisa."

Baba alisogea, akapiga magoti mbele ya mama yake, na kwa mara ya kwanza nikaona mwanamume huyo aliyefundisha watu Maandiko akiongea bila aya. Akamwambia kwamba Mungu hakumtuma amlindie heshima. Nyanya akageuza uso ukutani.

Asubuhi iliyofuata mama alikuja kabla sijawasha moto. Alibeba beseni la maji ya moto. Alimfunua nyanya mgongo, akauona ulivyovimba na kupauka kwa chumvi, akakaa chini kando yake. Alimkanda kwa muda mrefu. Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu, na nyanya aliguna waziwazi, sauti niliyokuwa sijaisikia kwa majuma.

"Mama," mama yangu akasema, "kwa nini uliniacha nikuchukie bure?"

"Ulikuwa unachukia kwa bidii, Nyar Kadem," nyanya akajibu, akimwita kwa ukoo wa kwao kama kawaida. "Sikutaka kukukatiza."

Hapo mama alicheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikaenda kuwasha moto.

Lililobaki lilikuwa shamba. Baba alisema, bila kumtazama mtu, kwamba mama yangu anaweza kupanda bila kumngoja nyanya, na yeye ataombea boma. Mama alikataa. Wakati huo nilidhani anaogopa chira. Leo nadhani hapana. Alitoka na kuivuta ile ngozi ya ng'ombe ya nyanya mpaka uani, akaikunja pembe, akaifunga kamba. Wakamtoa nyanya mlangoni, wakamkalisha juu ya ngozi, na mama akashika kamba moja, mke wa baba mdogo nyingine, wakamburura juu ya tope jeusi kama jahazi lisilo na maji. Mimi nilitembea pembeni nikiwa na kibuyu cha mbegu. Nyanya alishika kijiti, akatoboa shimo, akatia mbegu, akafunika kwa kiganja. Wakavuta. Akatoboa tena. Kila mvuto ulimtoa pumzi, lakini hakuuma leso.

Jirani mmoja mwanamke, aliyekuwa akipalilia upande wa pili wa ua, alisimama akashika kiuno. Akauliza kwa sauti kama boma letu limenunua trekta.

"Trekta lina mafuta," nyanya akamjibu. "Hili linavutwa na wake wa wanangu. Wa kwako wako wapi?"

Jirani akainama kwenye magugu yake. Mstari wa nyanya ulikuwa umepinda kama njia ya ng'ombe, ila ulifika mwisho wa shamba. Alipoinua kijiti, mama na mwenzake waliacha kamba, wakakimbilia majembe. Hata baba alikimbia. Na shamba la chini, ukitaka kujua, nyanya alitia mtama upande mmoja na mahindi upande mwingine.

Tulivuna kidogo mwaka huo, kwa kuwa tulichelewa. Njaa ilitugusa, lakini haikutubeba. Mgongo wa nyanya haukupona tena. Jumapili moja aliomba apelekwe kanisani, na akiwa amekaa, kwa kuwa kusimama hakuweza, aliomba nafasi ya ushuhuda. Watu walijiandaa kuimba. Akasema maneno machache: "Mgongo umerudi. Mungu hakuondoka." Hawakujua waimbe wimbo gani. Nimesoma vitabu vingi vya imani tangu hapo, na bado sijakutana na mafundisho yaliyonikalia kama hayo.

Boma lile sasa lina nyumba mbili za matofali na moja iliyoanguka. Mwiko wa mbegu haushikwi tena, na mimi mwenyewe niliwafundisha wake wa wanangu kwamba wasiuogope. Sijutii. Hakuna mtoto atakayelia njaa kwa sababu ya kiuno changu, na kwa hilo namshukuru Mungu asubuhi na jioni. Lakini nikueleze lililo kweli, kwa kuwa umekaa nami mpaka hapa. Zamani zile mgongo wa mwanamke mmoja ulipouma, boma zima lilisimama, na mwishowe ililazimu watu waingie ndani, wamfunue, waone. Tulinaswa pamoja. Mimi nimenaswa peke yangu, kwa amani, na kila mtu ananitakia nafuu kwa simu.

Jana mke wa mwanangu mkubwa, yule aliyebaki kwenye boma langu huko Lambwe, alinipigia kunijulia hali. Ni mtoto mwema, hakosi. Tuliongea habari za watoto, za kanisa, na za ng'ombe aliyezaa. Kisha akaniambia kwa furaha kwamba mahindi yameshafika magotini. Nikasema Mungu asifiwe, na nilimaanisha. Sikuwa nimejua kwamba wamepanda.